Sungura wa sufuria: jinsi ya kumpika akalainika bila kukauka

Waulize watu waliokula sungura mara moja wakaapa kutorudia. Wengi watakwambia nyama ilikuwa kavu, ngumu, inakwama kwenye meno. Sungura mwenyewe hana kosa. Alipikwa kama kuku wa kienyeji au akachomwa kama mbuzi, ilhali hafanani na yeyote kati ya hao. Kwanza, hana mafuta ya kuikinga nyama yake na moto. Pili, mwili huo mdogo una nyama za aina mbili: mapaja na miguu ya mbele, ambayo imezoea kazi na inataka muda mrefu, na nyama ya mgongo, ambayo ni laini, huiva upesi na huharibika upesi vilevile. Ukiyazingatia hayo mawili, mengine yaliyobaki ni mapishi ya rojo ambayo tayari unayajua.

Mwongozo huu ni wa chakula cha sufuria moja: nyama, viazi, karoti na rojo zito, chakula cha zile jioni za Julai kule Limuru au Nyahururu ambapo hata sweta mbili hazitoshi. Kinatosha watu 5. Tenga saa mbili na nusu za jikoni, mbali na muda wa kuloweka nyama.

Sungura gani

Nunua wa kufugwa. Sungura wa porini ni habari nyingine kabisa: nyama yake ni nyeusi na ngumu, hakuna anayejua alikuwa na ugonjwa gani, na kwa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977, kwa hiyo hata anayekuuzia anavunja sheria. Sungura wa kufugwa wapo tele, hasa Kiambu, Nyeri na Nakuru. Wafugaji wengi wana New Zealand White, California White, Chinchilla au Flemish Giant, au mchanganyiko wa hao wote. Kwa sufuria napendelea wale weupe wawili wa kwanza, kwa sababu wana nyama nyingi na mifupa myembamba. Flemish Giant ni mkubwa wa kutisha, lakini ana mifupa mingi ukilinganisha na nyama yake.

Muulize mfugaji umri. Wa miezi 3 hadi 5 ndiye anayefaa. Akiwa hai huwa na kilo 2.5 hivi, na akishachunwa na kutolewa matumbo hubaki karibu nusu ya uzito huo, yaani kilo 1.2 hadi 1.4. Mama aliyezaa mara nyingi au dume lililostaafu pia huliwa, ila muda wa jikoni utakaribia kuongezeka maradufu, nami nitakukumbusha hilo mbele.

Ukimpata tayari amechinjwa, tazama rangi. Nyama ya sungura mchanga ni ya waridi hafifu, inakaribia ya kuku, na mafuta machache yaliyo kando ya figo ni meupe. Ikiwa nyekundu iliyoiva na mafuta yamegeuka manjano, huyo ni mzee. Harufu iwe hafifu kabisa. Halafu tazama ini. Ini zima ni la rangi moja, jekundu la kahawia, tena laini na linang'aa. Ukiona madoadoa meupe au vijipu vidogo vya rangi ya maziwa, hiyo ni koksidia, ugonjwa ulioenea sana kwenye vizimba vya sungura. Ini hilo litupe. Na kama mnyama mwenyewe alikuwa amekonda au anaharisha, usimnunue.

Kama unaalika wageni, uliza kabla. Wasabato hawali sungura, na Wayahudi wanaoshika sheria pia hawali, kwa sababu ya Walawi 11:6. Kwa Waislamu wa Sunni ni halali maadamu amechinjwa ipasavyo, lakini Mashia Ithnaasheri hawamli. Ni aibu kumfunulia mgeni sufuria kisha akaishia kula karoti.

Kumkata

Watu wengi huchukua panga na kumkatakata sungura kama kuku wa kibandani. Mifupa ya sungura ni myembamba na migumu. Ukiipiga panga hupasuka vipande vyenye ncha kama sindano, ambavyo hupotelea kwenye rojo hadi vitakapomfikia mtoto kooni. Tumia kisu kikali na ufuate viungo.

Mlaze chali. Shika paja moja na ulikunje kwa nje kuelekea mezani mpaka usikie mfupa umetoka kwenye tundu lake, kisha pitisha kisu papo hapo. Fanya hivyo upande wa pili. Miguu ya mbele ni rahisi zaidi, kwa maana haikushikamana na mwili kwa kiungo cha mfupa, imeshikwa na misuli tu: inua mguu, telezesha kisu chini ya bega huku ukikigusisha kwenye mbavu, na mguu utatoka wenyewe. Sasa una kiwiliwili. Tafuta mahali mbavu zinapoishia na ukate nyama kuzunguka pande zote, kisha shika kwa mikono miwili na uvunje uti wa mgongo kwa kuupinda kinyume. Sehemu ya nyuma, isiyo na mbavu, ndiyo mgongo wenye nyama nzuri. Igawe vipande 2 au 3 kwa kupita katikati ya pingili.

Juu ya mgongo kuna utando mweupe unaometa kama karatasi ya nailoni. Ingiza ncha ya kisu chini yake, ushike na uuvute. Haulainiki hata ukipikwa hadi kesho, na ukipata moto hujikunja na kuibana nyama.

Mbavu, shingo na kichwa usivitupe. Vitie kwenye sufuria ndogo na maji lita 1.5, kitunguu kimoja kilichopasuliwa na ncha za karoti, uviache vitokote saa moja kisha uchuje. Hiyo ndiyo supu utakayoitumia, na inashinda kidonge chochote cha supu cha dukani.

Kuloweka

Nyama iliyochinjwa leo asubuhi haifai kupikwa leo mchana, bado imekakamaa. Iache kwenye friji usiku mmoja, na usiku huohuo uitumie kuiloweka. Koroga gramu 50 za chumvi kwenye kila lita moja ya maji baridi (ni kama vijiko vikubwa 3 vilivyosawazishwa), tumbukiza vipande vifunikwe kabisa, uweke kwenye friji saa 6 hadi 10. Chumvi huingia ndani ya nyama na kuisaidia ishike maji yake wakati wa kupikwa. Kwa mnyama asiye na mafuta hiyo ni nusu ya kazi. Kama huna friji, loweka saa 2 tu mahali pa baridi na upike siku hiyohiyo.

Wapo wanaoloweka kwenye siki au ndimu kwa saa nyingi ili kuondoa "harufu ya sungura". Sioni haja. Sungura wa kufugwa hana harufu ya kupigania, na tindikali nyingi huifanya nyama iwe na ungaunga mdomoni. Tindikali kidogo tutaitia baadaye, kwenye rojo, ambako ina kazi ya maana.

Vitu vya kuandaa

- Sungura mmoja aliyekatwa na kulowekwa
- Unga wa ngano vijiko vikubwa 3
- Mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 3, na siagi au samli vijiko vikubwa 2
- Vitunguu maji vikubwa 3
- Kitunguu saumu punje 6
- Nyanya 4 zilizoiva vizuri, na nyanya ya kopo kijiko kikubwa 1
- Karoti 4
- Viazi gramu 800, takriban 6 vya wastani
- Uyoga gramu 200, ukipenda
- Kijiti kimoja cha rosemary na majani 2 ya bay
- Pilipili manga iliyosagwa sasa hivi, kijiko 1 cha chai
- Siki kijiko kikubwa 1
- Supu yako, mililita 700 hivi
- Ini la sungura, kama ni zima

Usiogope hiyo siagi na mafuta kuonekana mengi. Kwa ng'ombe ningekwambia upunguze. Hapa mafuta yote ya chakula yanatoka kwako, na rojo lisilo na mafuta halishiki kwenye nyama hii. Wa pwani wanaweza kuacha siagi na badala yake kutia kikombe cha tui zito dakika 10 za mwisho. Linafaa sana, ila hapo ondoa rosemary na uweke tangawizi.

Viazi navyo vina tabia zake. Shangi, kiazi kilichojaa masoko yote ya Kenya, huiva upesi na kuvurugika ukimgeuzia kisogo. Uitumie tabia hiyo. Viazi 2 vikate vidogo vidogo uvitie mapema, viyeyuke na kulifanya rojo liwe zito. 4 vilivyobaki vikate vikubwa uvitie karibu na mwisho. Ukiwa na kiazi chekundu kigumu, vyote viingie pamoja na karoti.

Kukaanga nyama

Toa nyama kwenye maji ya chumvi, isuuze kidogo, kisha ikaushe kwa kitambaa safi. Ikaushe kwelikweli. Nyama yenye maji haikaangiki, inachemka. Nyunyizia pilipili manga, ipake unga mwembamba na ukung'ute uliozidi. Chumvi usitie, tayari imo.

Tafuta sufuria nzito yenye mfuniko unaobana. Zile nyepesi za alumini zitashika chini, labda uziwekee bati bapa katikati yake na moto. Pasha mafuta na kijiko kimoja cha siagi kwenye moto wa wastani. Siagi ikiacha kutoa povu, panga vipande 3 au 4 visivyogusana. Viache. Hamu ya kugeuzageuza ndiyo inayowaponza wengi. Kipande kikiwa tayari kitajiachia chenyewe, na ukikilazimisha kitaacha ngozi yake ya unga chini. Dakika 4 kila upande kwa mapaja na miguu ya mbele, hadi rangi iwe ya dhahabu iliyokolea. Kwa mgongo dakika 2 zinatosha, rangi tu. Weka mgongo kwenye sahani peke yake na uutenge mbali na mapaja, maana hauingii sufuriani sasa.

Rojo

Sufuria itakuwa na ukoko wa kahawia chini. Kama haujaungua ukawa mweusi, usiuoshe: ladha yote imekaa hapo. Punguza moto, tia siagi iliyobaki na vitunguu ulivyovikata vyembamba. Vipe dakika 10 hadi 12 bila haraka. Maji ya vitunguu yataulainisha ule ukoko, nawe ukwangue kwa mwiko. Vikishakuwa laini na kuanza kugeuka rangi ya asali, tia saumu iliyopondwa, nusu dakika, kisha nyanya ya kopo. Ikaange mpaka ule wekundu wake uingie giza kidogo na harufu ya ubichi iishe. Ndipo nyanya zilizokatwa, nazo zipike hadi mafuta yajitenge pembeni.

Mwagia siki, iache ichemke dakika moja. Huko Malta, ambako sungura wa kuchemshwa na nyanya, saumu na majani ya bay ndicho chakula cha taifa, kiitwacho stuffat tal-fenek, mahali hapa huingia divai nyekundu. Wafaransa hutia haradali. Vyote hivyo vinafanya kazi ya tindikali, kuikata siagi isichoshe ulimi, na siki ya kawaida inatosha. Ukiipenda haradali, koroga kijiko kimoja kikubwa mwishoni, usiitie sasa.

Moto mdogo, saa moja ya kwanza

Rudisha mapaja na miguu ya mbele, tia viazi vile vidogo vidogo, rosemary na majani ya bay. Mimina supu ya moto hadi ifike theluthi mbili ya kimo cha nyama. Usiifunike yote, ukiizamisha utapata supu badala ya rojo. Ikichemka mara moja, shusha moto hadi uone kiputo kimoja kinapanda hapa, kingine kule. Hicho ndicho kipimo. Rojo likitibuka kwa nguvu, nyuzi za nyama hujikaza na kukamua maji yake, na hata uongeze saa ngapi hazitarudi.

Kwa gesi, tumia jicho dogo kabisa. Kwa oveni, funika uweke nyuzi 160 za Selsiasi na usahau. Lakini jiko la makaa ndilo ninalolipenda kwa chakula hiki. Subiri makaa yashike majivu meupe, ondoa nusu yake, bandika sufuria, na yale uliyoyaondoa yapalie juu ya mfuniko kama wanavyofanya watu wa pwani kwa mkate wa kumimina. Moto wa juu na chini huzunguka taratibu, na vipande vilivyochomoza juu ya rojo hupata rangi. Mfuniko uwe bapa, usio na kishikio cha plastiki, na ufagie majivu kabla ya kuufunua. Pikia nje au penye hewa. Makaa kwenye chumba kilichofungwa huua watu.

Kila baada ya dakika 20 geuza vipande na uhakikishe chini hapajashika. Sungura mchanga atahitaji dakika 50 hadi saa moja kwenye hatua hii. Yule mzee tuliyemtaja mwanzoni ataka saa mbili, na supu ya kuongeza. Ukitumia presha kuka, mapaja ya mchanga yanachukua dakika 15 na ya mzee 30, ila hatua inayofuata ifanye bila presha, mfuniko ukiwa umeegeshwa tu.

Utajuaje kwamba muda umefika? Choma paja kwa uma mahali penye nyama nene. Uma uingie bila kubishana, lakini nyama iwe bado imekaa kwenye mfupa. Bado kuna nusu saa mbele.

Mgongo, karoti na viazi

Sasa tia karoti zilizokatwa vipande vya urefu wa kidole gumba, viazi vikubwa, uyoga, na vipande vya mgongo juu kabisa, vikipata mvuke kuliko rojo. Funika. Dakika 25 hadi 30 kwa moto uleule. Kama una kipimajoto cha jikoni, mgongo ufike angalau nyuzi 71 katikati. Kama huna, kata kipande kimoja karibu na mfupa na utazame: nyama iwe nyeupe kote na majimaji yake yawe safi, yasiwe ya waridi.

Wakati huo shughulikia ini. Hakikisha kile kifuko cha nyongo kimetolewa bila kupasuka, kwa kuwa tone moja la nyongo linatosha kuitia sufuria nzima uchungu. Likaange ini kwenye siagi kidogo mpaka liive, liponde kwenye kinu au kwa uma pamoja na vijiko viwili vya rojo, urudishe sufuriani dakika 5 za mwisho. Rojo litaongezeka uzito na kupata kina ambacho wageni watauliza kimetoka wapi. Wasiopenda ini mara nyingi hawalitambui hapa, ingawa ni vyema kuwaambia.

Onja chumvi sasa kwa mara ya kwanza, maana nyama imekuwa ikiachia chumvi yake polepole. Toa vijiti na majani. Epua na uache sufuria imefunikwa dakika 15 kabla ya kupakua.

Likikuendea kombo

Rojo jepesi: toa nyama, ongeza moto bila mfuniko, au ponda vipande viwili vya viazi ndani yake. Usitie unga mkavu wakati huu, utapata madonge. Nyanya zimekuwa chachu: karoti iliyokwaruzwa na dakika 10 zaidi hufanya kazi nzuri kuliko sukari. Chumvi imezidi: supu isiyo na chumvi au tui, hadithi ya kiazi kizima kunyonya chumvi haina msaada mkubwa. Mapaja magumu ilhali saa imepita: sungura wako alikuwa mzee kuliko ulivyoambiwa. Toa mgongo na mboga uziweke pembeni, ongeza supu, na umpe saa nyingine.

Kula na kuhifadhi

Kwa kuwa viazi vimo, hakihitaji kingine ila mboga ya majani. Sukuma wiki iliyokaangwa dakika mbili inakipendeza. Ukiacha viazi, kile kwa ugali au chapati. Paja au mguu wa mbele mmoja kwa mtu, mgongo wape wazee na watoto, na uwaonye watoto kuhusu mifupa midogo ya miguu ya mbele.

Kesho yake ni kitamu zaidi. Kipoze na ukitie kwenye friji ndani ya saa mbili baada ya kuepua, na ukile ndani ya siku 3. Kukipasha, anza na moto mdogo na supu kidogo mpaka kichemke. Ikiwa nyama iliyobaki haitoshi watu, ichambue kutoka kwenye mifupa, uchanganye na rojo lake na dania, uifungie kwenye sambusa.